Hakuna Beji, Hakuna Fildi

Mtoto alikuwa na umri wa miaka miwili na alikuwa amemeza sarafu. Shilingi 200, mama yake alisema, ile aliyompa achezee ili anyamaze. Ilikuwa wiki yangu ya pili fildi, katika hospitali moja ya mkoa ambayo sitaitaja, na saa ilikuwa inaelekea saa tatu usiku. Mtoto analia, anarusha mateke, hataki kulala kwenye meza ya eksirei. Mama ni mjamzito, kwa hiyo hawezi kubaki naye ndani. Inchaji wa zamu akatazama huku na kule, macho yake yakatua kwangu.

"Dogo, vaa aproni umshike."

Nikavaa. Aproni yenyewe ilikuwa imekunjwa juu ya kiti kama kanga iliyotoka kufuliwa. Kila anayesoma kozi yetu anajua kwamba aproni ya risasi haikunjwi. Inatundikwa, kwa sababu ikikunjwa mara kwa mara ile risasi ya ndani inapasuka na mionzi inapata pa kupita. Lakini saa tatu usiku, mtoto anapaliwa, nani aanze kumfundisha inchaji? Nikamshika mabega. Picha ya kwanza akatikisika, ikaharibika. Tukarudia. Ya tatu ikawa ya ubavuni. Sarafu tukaiona imekwama kwenye umio: duara kamili kwenye picha ya mbele, mstari mwembamba kwenye picha ya ubavu, kama tulivyofundishwa darasani. Daktari akaitwa, mtoto akapelekwa kutolewa. Mama akanishika mkono akasema, "Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie."

Nilirudi geto nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye mtihani wowote. Kabla ya kulala nikafungua logibuku nijaze kazi ya siku. Tarehe. Umri wa mgonjwa. Aina ya kipimo. Kilovolti. Miliampia. Umbali wa mashine. Idadi ya picha, zilizorudiwa ngapi na kwa nini. Sahihi ya msimamizi. Nikatafuta mahali pa kuandika nilichopata mimi niliyesimama pale ndani mara tatu. Hapapo. Na hata pangekuwepo, ningeandika nini? Sikuwa na beji.

Hiyo ndiyo hoja yangu leo, na naiweka mapema ili asiyependa makala ndefu aondoke nayo: mwanafunzi asiingizwe chumba cha mionzi bila beji ya kupimia mionzi. Hakuna beji, hakuna fildi. Chuo kiandike hivyo, serikali yetu ya wanafunzi isimamie hivyo, na sisi wenyewe tuache kuona aibu kulisema.

Kwa mnaotuita wapiga picha

Najua wengi mnaosoma gazeti hili mko kozi nyingine. Mnatufahamu kwa utani. "Wewe si unasoma kupiga picha? Basi mahafali tutakutafuta." Tumezoea. Hata nyumbani nilipomwambia mjomba nimechaguliwa kusoma shahada ya radiolojia na picha za kitabibu, aliniuliza kama ni lazima mtu aende chuo kikuu kujifunza kubonyeza batani.

Ngoja nieleze kidogo hiyo batani. Kabla ya kuibonyeza unatakiwa uwe umeamua nguvu ya mionzi kulingana na unene wa mtu aliye mbele yako, kiungo kinachotazamwa, na kile daktari anachokitafuta. Ukizidisha, umempa mgonjwa mionzi asiyoihitaji. Ukipunguza mno, picha haisomeki, unarudia, na umempa mara mbili. Ndiyo maana tunasoma fizikia na anatomia hadi usiku wa manane, na ndiyo maana watu wanakula sapu kwenye somo la fizikia ya mionzi mpaka wanazoea jina lake.

Vipimo vyetu havifanani. Ultrasaundi inatumia mawimbi ya sauti. MRI inatumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio. Hizo mbili hazina mionzi ya aina ninayoizungumzia hapa. Eksirei na CT scan ndizo zenye mionzi yenye nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomi, na ikipita mwilini inaweza kujeruhi vinasaba ndani ya seli. Mara nyingi mwili unajitengeneza wenyewe. Mara chache haujitengenezi vizuri, na hapo ndipo hofu ya saratani miaka mingi baadaye inapotoka.

Kuna jambo moja watu hulikosea. Mashine ikizimwa, mionzi haibaki chumbani kama moshi. Inaisha papo hapo, sawa na taa ikizimwa. Hatari kwa anayefanya kazi pale ni ile sekunde ambayo mashine imewaka naye yumo ndani. Na mionzi mingi inayompata haitoki moja kwa moja kwenye mashine. Inatoka kwa mgonjwa, kwa sababu mionzi ikimgonga mgonjwa sehemu yake hutawanyika pande zote. Aliye karibu zaidi na mgonjwa ndiye anayepata zaidi. Kwa hiyo tunafundishwa maneno matatu tangu mwaka wa kwanza: muda, umbali, kinga. Kaa muda mfupi. Sogea mbali, maana ukiongeza umbali mara mbili mionzi inapungua hadi robo. Jikinge kwa risasi au ukuta.

Sasa mtu aliyemshika mtoto mabega amevunja neno la pili kabisa. Yuko pale pale.

Beji ni kitu gani

Beji tunayoizungumzia ni kitu kidogo, unaweza kukifunga kwenye kiganja kisionekane. Inavaliwa kifuani, chini ya aproni. Ndani yake kuna vipande vya madini maalumu ambavyo vikipigwa na mionzi vinahifadhi sehemu ya nguvu ile. Baada ya miezi kadhaa beji inapelekwa maabara, vile vipande vinapashwa moto, vinatoa mwanga, na wingi wa mwanga ndio unaoeleza aliyevaa amepata mionzi kiasi gani. Beji haikukingi na chochote. Kazi yake ni kusema ukweli tu.

Hapa kwetu kazi ya kusimamia mambo haya ina wenyewe. Tulikuwa na Tume ya Taifa ya Mionzi kwa sheria ya mwaka 1983, kisha Sheria ya Nguvu za Atomiki Namba 7 ya mwaka 2003 ikaleta Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, ambayo pamoja na kukagua mashine inatoa huduma ya kupima mionzi wanayopata wafanyakazi. Kwa hiyo hatuombi kitu cha mbinguni. Huduma ipo nchini.

Viwango vya kimataifa navyo vinajulikana. Mfanyakazi wa mionzi asizidishe wastani wa milisivati 20 kwa mwaka kwa hesabu ya miaka 5, na asizidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Mtu wa kawaida mtaani, milisivati 1 kwa mwaka juu ya ile anayoipata kwa asili. Mwanafunzi wa miaka 16 hadi 18 anayejifunza kwa kutumia mionzi, milisivati 6. Walioandika viwango hivyo walikumbuka kwamba duniani kuna wanafunzi.

Lakini kiwango bila kipimo kina faida gani? Ni sawa na kuweka kibao cha kilomita 50 barabarani kisha magari yote yakakosa spidomita.

"Dozi yenyewe ni ndogo"

Hili ndilo jibu tunalopewa kila tukiuliza, na sitaki kulikwepa, kwa sababu kwa sehemu kubwa ni kweli. Picha moja ya kifua inampa mgonjwa takribani milisivati 0.02 hadi 0.1. Dunia yenyewe, kwa udongo wake, hewa yake na miale ya angani, inampa kila mmoja wetu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka hata asipokanyaga hospitali. Mimi niliyekuwa pembeni ya yule mtoto, nimevaa aproni, bila shaka nilipata kidogo sana. Sijaandika makala hii kwa sababu naumwa. Siumwi.

Naandika kwa sababu neno "ndogo" lililosemwa na mtu ambaye hajapima ni imani, na chuo hakitufundishi imani katika somo la fizikia. Ilikuwa ndogo kiasi gani? Ile aproni ilikuwa imepasuka au haijapasuka? Mwenzangu aliyepangiwa chumba cha upasuaji, ambako eksirei inawaka mfululizo daktari akiwa anaunga mfupa, alisimama ndani dakika ngapi kwa siku, kwa wiki ngapi? Ndogo yake na ndogo yangu ni sawa? Hakuna anayejua.

Kuna tofauti kubwa kati ya "umepata kidogo" na "hatujui umepata kiasi gani". Mgonjwa akituuliza swali hilo tunatakiwa tumjibu kwa namba. Sisi tukiuliza, tunajibiwa kwa kupigwa bega.

Halafu kuna wenzetu wa kike. Viwango vinasema mtoto aliye tumboni mwa mfanyakazi alindwe kama mtu wa kawaida wa mtaani, yaani milisivati 1. Binti wa mwaka wa tatu anaweza kuwa na ujauzito wa wiki tano na bado hajui. Akija kujua, swali lake la kwanza litakuwa: kwa wiki zile tano nimepata kiasi gani? Mwenye beji atajibiwa na maabara. Asiye na beji atajibiwa na hofu yake, na hofu haina kikomo cha milisivati.

Beji kwenye msumari

Nisiwe mnafiki, beji hospitalini nimeziona. Katika chumba kimoja nilichopitia, beji ya mtumishi mmoja ilikuwa inaning'inia kwenye msumari karibu na swichi ya taa. Mwenyewe alikuwa likizo. Aliporudi, iliendelea kuning'inia. Nilimuuliza kwa adabu, "Kaka, hii mbona huvai?" Akacheka: "Dogo, ikisoma kubwa wataniuliza maswali."

Kwa utaratibu huo, mfanyakazi aliyepimwa vizuri kuliko wote katika idara ile ni msumari.

Simlaumu sana yule kaka. Yeye naye alikuwa mwanafunzi, akapita fildi bila beji, akajifunza kwa vitendo kwamba beji ni pambo la siku ya ukaguzi. Darasani aliambiwa moja, fildi akaonyeshwa jingine, na mtu hufuata alichoonyeshwa. Ndiyo sababu nasema jambo hili lianzie kwetu. Mtumishi wa kesho anayevaa beji yake kila asubuhi bila kukumbushwa anatengenezwa leo, akiwa mwanafunzi. Tukimlea bila beji, tusishangae akizeeka bila beji.

Na sisi wenyewe hatuko safi. Tuna tabia ya kuona anayebaki ndani wakati mashine inawaka ndiye mwanaume, na anayetoka ni mwoga. Tunapiga selfi na aproni. Nimeona mtu amejipiga eksirei ya mkono wake ili aweke status, hana ugonjwa wala hajaandikiwa na daktari. Jamani, hilo ndilo lililowamaliza wazee wa fani hii. Baada ya Wilhelm Röntgen kugundua eksirei tarehe 8 Novemba 1895, waendesha mashine wa mwanzo walikuwa wanapima nguvu ya mashine kwa kuweka mikono yao wenyewe mbele yake kila siku. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikatwa mikono na mwisho akafa mwaka 1904. Edison akaachana na utafiti wa eksirei. Huko Hamburg, Ujerumani, kuna mnara uliojengwa mwaka 1936 wenye majina ya waliokufa kwa kazi hii, madaktari, mafundi na wauguzi. Wale walikuwa na udhuru: hawakujua, na beji hazikuwepo. Sisi udhuru wetu ni upi?

Kwa nini hatusemi

Mtu atauliza: kama ni haki yenu, si mkatae tu kuingia? Anayeuliza hivyo hajawahi kukaa fildi. Fildi ina mtu mmoja mwenye kalamu, na kalamu ile ndiyo inasaini logibuku. Logibuku isiposainiwa umefeli mazoezi, ukifeli mazoezi unarudia, na bumu halikusubiri. Nikimwambia inchaji "siingii, sina beji", yeye hatakuwa mkatili, ataniona tu mtoto wa mjini anayejifanya anajua. Kesho yake nitapangiwa kupanga mafaili hadi fildi iishe. Tumeyaona.

Kwa hiyo tusiliache jambo hili kwa ushujaa wa mtu mmoja mmoja. Mwanafunzi peke yake ataingia ndani, kama nilivyoingia mimi. Na niseme ukweli, kwa mtoto yule ningeingia tena, beji iwepo isiwepo. Ndiyo maana utaratibu unatakiwa uwekwe mapema, mbali na meza ya eksirei, na watu ambao hawana mtoto anayepaliwa mbele yao.

Upo pia utetezi wa gharama, na utetezi wa "fildi yenyewe wiki chache tu". La gharama: beji ya aina hii haitupwi. Ikishapashwa moto na kusomwa, inarudi kuwa tupu na inavaliwa tena. Mzigo mmoja wa beji unaweza kuhudumia darasa la mwaka huu, la mwakani na la mwaka unaofuata. Itabaki gharama ya kusoma, ambayo ni halali kuingizwa katika fedha za mafunzo kwa vitendo kama zinavyoingizwa gharama nyingine za fildi. Tunanunua koti jeupe ili tuonekane wataalamu. Beji ni ya kutufanya tuwe wataalamu.

La wiki chache: mtu wa kozi yetu anaanza kuingia chumba cha mionzi akiwa na miaka ishirini na kitu na atastaafu akiwa na 60. Ni takribani miaka 40, na kumbukumbu yake ya mionzi inatakiwa imfuate muda wote huo, hospitali hadi hospitali. Ukurasa wa kwanza wa kumbukumbu hiyo ni fildi. Kwa wengi wetu ukurasa huo ni mtupu. Tutaajiriwa na kuandikiwa sifuri ambayo haikuwa sifuri.

Tunachoomba

Naomba mambo manne, na naiomba serikali ya wanafunzi iyapeleke kwa uongozi wa chuo kabla ya fildi ijayo.

La kwanza, kila mwanafunzi anayekwenda chumba chenye eksirei au CT scan akabidhiwe beji yenye namba yake kabla hajapanda basi. Hapa nawaingiza pia wenzetu wa udaktari na uuguzi wanaopita chumba cha upasuaji, kwani mionzi haiulizi mtu anasoma kozi gani.

La pili, matokeo turudishiwe. Beji inayokusanywa na majibu yasirudi ni sawa na mtihani usiosahihishwa.

La tatu, mwanafunzi asigeuzwe kishikio cha kudumu cha wagonjwa. Vipo vifaa vya kumtuliza mtoto, na yupo ndugu asiye mjamzito anayeweza kuvalishwa aproni. Ikibidi kabisa mwanafunzi ashike, iandikwe. Tuongezewe safu moja tu kwenye logibuku: "nilikuwa ndani". Kuandika kwenyewe kutampa msimamizi sababu ya kufikiri mara mbili.

La nne, barua ya chuo kwenda hospitalini iseme wazi kwamba mwanafunzi asiye na beji haruhusiwi kubaki ndani mashine ikiwaka, na kwamba hatanyimwa sahihi kwa sababu hiyo. Inchaji akisoma barua yenye muhuri hatagombana na dogo. Na dogo hatalazimika kuwa shujaa.

Kila mwaka ifikapo tarehe 8 Novemba tunaadhimisha siku ya wataalamu wa mionzi duniani. Tunavaa fulana, tunakata keki, mgeni rasmi anatuambia sisi ni macho ya tiba. Mwaka huu napendekeza keki iwe ndogo. Ile hela ya keki kubwa na fulana ikanunue beji za kwanza, hata kama ni tano, wazivae wanaopangiwa chumba cha upasuaji. Wakirudi na namba zao, tutakuwa na kitu cha kumwonyesha mgeni rasmi.

Yule mtoto sasa anakaribia kwenda chekechea. Picha zake tatu zimehifadhiwa kwenye kompyuta ya hospitali ile, zikiwa na tarehe, saa na kiasi cha mionzi kilichotumika. Akihitaji kujua siku moja, watamtafutia. Mimi niliyemshika mabega sina pa kuulizia.